Njaa ya Mama

Mjomba wangu aliamini kila alichoambiwa na watu wa gesi. Walipokuja kijijini kwetu Olumbi kutueleza kwamba chini ya bahari yetu kuna utajiri usio na mwisho, aliitikia kwa kichwa kabla mkalimani hajamaliza. Daktari mmoja wa mji wa Pemba, huku kwetu Msumbiji, alipomweleza kilichokuwa kichwani mwa dada yake, huyo ndiye aliyemwona mwongo.

Dada yake ndiye mama yangu. Kwetu mgonjwa ni wa kaka yake. Baba alikuwa hai na mzima, lakini neno la dawa, la safari na la chakula lilikuwa la mjomba. Tulikwenda Pemba watatu, mama akishika kichwa njia nzima, mimi nikiwa wa kutafsiri Kireno.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye subira. Alisema chembe za mwili hukua zikiagizwa, na mwili wenyewe hutengeneza vichocheo vya kupeleka agizo hilo. Kwa mtu mwenye afya agizo huja, kisha hukoma. Uvimbe wa mama ulikuwa unajiagiza wenyewe, tena ulikuwa unaiita mishipa ya damu imee kuuelekea, iulishe. Hakuficha kwamba hauponi. Akatoa vidonge vya kupunguza shinikizo kichwani, akasema vitamtia njaa, tumwache ale.

"Kumbe linakula," mjomba akasema.

Daktari akajibu kwamba maagizo yale hayatoki sahanini, na kumnyima mgonjwa chakula hakuuzuii uvimbe. Nilirudia maneno hayo kwa Kiswahili, polepole. Mjomba alikuwa ameshasimama.

Nyumbani akapiga marufuku samaki, nazi na muhogo. Uji mwepesi asubuhi, maji ya kombe, yaliyooshea aya sahanini, jioni, basi. Vidonge vikaleta njaa kama tulivyoambiwa. Mama, mwanamke aliyekuwa na haya hata ya kuomba chumvi kwa jirani, akawa analilia chakula kwa sauti, na mjomba akaona amepata ushahidi.

"Unasikia? Si yeye anayeomba. Ni hilo dude."

"Mjomba, mgonjwa haulizwi uji."

"Usinifundishe dada yangu, wewe."

Nilimchukia. Nilimchukia zaidi siku za mikutano ya gesi, akirudi huku anachokonoa meno baada ya kuku wa bure, anacheua, kisha anakwenda kuchungulia kama sufuria ya mama ni tupu. Nilimpenyezea mama kipande cha samaki ndani ya kanga. Mke wa mjomba akamnusa mama vidole, akamwambia mumewe. Tangu siku ile nikakatazwa kuingia chumbani peke yangu. Baba aliniambia nisilete ugomvi, mwenye mgonjwa yupo.

Mama alikufa pete imemvuka kidoleni kwa kukonda. Uvimbe ungemuua, hilo nalijua vizuri na sihitaji kukumbushwa. Lakini hakuna daktari aliyesema lazima afe na njaa.

Siku ya hitima mjomba alichinja mbuzi wawili. Alizunguka na masinia mwenyewe, akihimiza watu waongeze, mpaka akanifikia na sahani ya pilau iliyojaa hadi inamwagika.

"Kula, mwanangu. Si vizuri mtu aondoke na njaa nyumbani kwa mama yako."

Nilimmwagia yote kifuani, mbele ya ukoo mzima. Mpaka leo wanasema nilimkosea adabu.