Nilimuzika Cyprien, Cyprien Akakuja Kuomba Maji

Mutasema Norbert ameanza tena uongo wake. Sawa.

Lakini muntu nilizika na mikono yangu, siku ya kumi na mbili alibisha hodi kwangu, akaomba maji ya kunywa.

Vita ilikuwa imeshuka mupaka Uvira. Boti za mbao zilikuwa zinakuja Kalemie zimejaa watu kama dagaa ndani ya mufuko.

Mudogo wangu Prospère alikuwa anaishi kule Uvira. Miaka kumi na moja kule, mugeni kwa watu. Alianza kubeba mizigo bandarini, akalala kwa baraza za wengine, mwisho akapata cherehani.

Hakurudia kwetu Kalemie hata siku moja.

Sababu? Koti!

Papa yetu alipokufa, Prospère alibeba koti yake ya kazi ya treni. Mimi mukubwa, nilikuwa ninaitaka. Nikamwambia: "Siku utakanyaga Kalemie, ni mimi njo nitakuzika."

Koti iliyotobolewa na mende. Na mimi niko na diploma!

Vita ilipofika, akanipigia simu. Mimi ni yaya wake, ndugu mukubwa.

"Yaya, nikuje?"

"Nyumba imejaa."

Haikujaa. Kulikuwa mimi, bibi yangu wa ndoa na mbuzi moja.

Kisha siku ine, boti ikapinduka. Ziwa ikatupa maiti. Moja ilikuwa na karte ya uchaguzi ndani ya sashe ya plastiki: Cyprien, bwana ya jirani yangu Mama Émérence, alienda Uvira kuchukua mama yake. Jina yake ilikuwa kwa liste ya wasafiri pia.

Sura? Hakuna. Samaki walimaliza.

Sasa mimi na Cyprien ni watani, ukoo kwa ukoo. Kwetu, mutani njo anamucheka mufu, anamutukana, ili wafiwa wapumue kidogo. Hiyo kazi ninaiweza.

Nikapiga sanduku teke.

"Cyprien, ee! Umekunywa ziwa yote, tutapika ugali na nini?"

Watu wakacheka. Mama Émérence naye, na machozi yake.

Nikaona nimepata soko. "Muzikeni haraka! Muntu wa hivi hakuna atamuulizia!"

Ile juma yote, Prospère hakupokea simu. Nikasema, amenuna. Anune tu.

Halafu njo ile hodi.

Cyprien mwenyewe, miguu imevimba. Mama Émérence alimuona toka kwa uwanja wake, akaanguka chini.

Mimi nikacheka. "Mutani, hata mashetani wamekukataa?"

"Sikupanda boti. Mama yangu anaogopa maji, tukapita na barabara ya milima. Simu walininyang'anya njiani."

"Na karte yako?"

"Nilimupa muntu hakuwa na yake, na nafasi yangu ndani ya boti. Wenye bunduki walikuwa wanabakisha kila mwanaume hana karte. Mimi nilikuwa na pasipoti yangu ya kwendea Kigoma."

"Unapana karte kwa muntu haumujui?"

"Alituchekesha pwani yote, Papa Norbert. Kama weye kabisa. Akanivika koti, akasema: 'Kule milimani kuko baridi. Nitaichukua kwako Kalemie. Ni ya yaya wangu, ninamurudishia.'"

Akaitoa ndani ya mufuko.

Chini ya kwapa kulikuwa kiraka ya kitenge, ndege za manjano. Mama yetu njo aliishona.

"Sasa tulizika nani?" Mama Émérence akauliza, alishaamka na kutufikia.

Maji ya Cyprien ilikuwa bado mukononi mwangu. Ikamwagika.

Kesho yake tukaenda kung'oa musalaba wenye jina yake. Ilikuwa zamu ya Cyprien sasa, mutani, amucheke mudogo wangu. Akaokota mutarimbo, akaendelea kung'oa.

Nilimuahidi Prospère kumuzika mwenyewe. Neno yangu niliitimiza. Teke nilimuongezea bure.

Koti inanibana mabegani. Sina uso wa kuipeleka kwa fundi.

Weye unasoma hapa, kama mudogo wako anakuuliza "nikuje?", mwambie akuje. Mengine mutagombana naye akiwa ndani, anakula.