Miaka Miwili ya Dada Yangu

Nilikwama ukurasa wa tatu. Fomu yenyewe ilikuwa nene, na kurasa mbili za mwanzo nilizijaza kwa mwandiko mzuri hata nikajisifu. Ukurasa wa tatu ulitaka kila mwaka wa maisha yangu tangu nilipotoka shule: ulikuwa wapi, ukifanya nini, nani shahidi wako. Kwa kila kazi, barua ya mwajiri. Kwa kila pengo, sababu na ushahidi.

Wauguzi wote wa wodi yetu ya wanawake hapa Ibra, Uarabuni, walipewa fomu hiyo. Wenzangu waliijaza huku wakinywa chai ya maziwa na kubishana kuhusu likizo. Mimi niliikunja nikaitia ndani ya mkoba, na kila nikifungua mkoba kutafuta kalamu naikuta inanitazama. Nilikuwa nimependekezwa kushika wodi, kwa sababu msimamizi wetu, mama wa Kihindi aliyenifundisha kuutafuta mshipa kwa kidole badala ya macho, alikuwa anakaribia kurudi kwao. Lakini usimamizi nilikuwa tayari kuusamehe. Nililoogopa ni leseni. Fomu isipopita, leseni haitoki upya, na bila leseni mimi si nesi, ni mwanamke tu mwenye viatu vyeupe.

Niseme bila kumung'unya maneno. Pengo langu lilikuwa la miaka miwili, na miaka hiyo nilikuwa Dar es Salaam nikicheza kwenye klabu ya hoteli, klabu ya watu wazima, nguo zikipungua kadiri muziki unavyokwenda. Nilipelekwa Dar kusoma uuguzi. Mwaka wa kwanza nilianguka mtihani, chuo kikanitoa, na nikaona haya kurudi kwetu Sur nikiwa mtupu. Hakuna aliyenilazimisha. Msichana niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa akicheza, nikaenda kumtazama, wiki ya pili nikawa nacheza mimi. Nyumbani nilisema niko zamu za hospitali. Baada ya miaka miwili nilirudi chuoni nikaanza upya, nikapasi, na tangu hapo sijaanguka mtihani wowote.

Katika miaka hiyo mama yangu alipata kiharusi. Alilala upande mmoja hauna kazi, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, mpaka alipofariki. Aliyemuuguza ni dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka minne. Aliacha shule ya ualimu, akaacha na mchumba, au mchumba akamwacha yeye, hilo hatulisemi. Mimi nilifika siku tatu baada ya maziko, nikakuta wanawake wanakunja mikeka.

Kwa hiyo nilipokwama nilimpigia yeye. Nani mwingine? Ni yeye peke yake aliyejua habari ya klabu, kwa kuwa nilimwambia mwenyewe mwaka niliporudi, nikitaka anipige. Hakunipiga.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, kosa la watu wetu sisi. Sisi tuliotokana na Unguja na Pemba tumezoea kukitumia Kiswahili kama pazia. Mbele ya mgeni tunahamia Kiswahili na kusengenya tukijiona tuko chumbani. Nilikuwa namfunga kidonda bibi wa kitanda cha nne, mtu wa Jalan Bani Bu Hassan, kisukari kimemla kidole gumba cha mguu. Alivaa barakoa yake, ile ya wanawake wa jangwani, hata kitandani na alisema nami Kiarabu cha kibedui, kikavu, maneno matatu matatu. Simu nimeipachika ndani ya mtandio, mikono iko kwenye bendeji.

"Nitaandika nini?" nilimwambia dada. "Niandike miaka miwili nilikuwa navua nguo jukwaani?"

"Usiandike upuuzi. Andika ulikuwa ukimuuguza mama."

"Dada!"

"Dada nini? Mama hakuuguzwa? Kauguzwa na mwanawe. Wao hawakuuliza yupi. Chukua miaka yangu mie, sina pa kuiandika."

Alisema kama mtu anayetoa kanga ya ziada. Mimi nikacheka, kwa aibu, nikamaliza kufunga bendeji. Bibi alikuwa amefumba macho.

Asubuhi yake msimamizi aliniita pembeni. Mgonjwa wa kitanda cha nne, alisema, hataki wewe umguse. Hakutaja sababu. Anataka nesi mwingine yeyote.

Sijawahi kukataliwa na mgonjwa. Wamenitukana, wamenitapikia, mmoja aliniuma, lakini kunikataa bado. Siku nzima nilijidanganya kwamba labda nilimkaza bendeji. Moyoni nilijua. Nikakumbuka jinsi alivyofumba macho, kwa nguvu mno, kama mtoto anayejifanya kalala. Amesikia, na ana watoto wanaokuja kumtazama kila jioni, na mmoja wao amevaa kadi ya serikali shingoni. Neno moja tu kwa huyo na yangu yamekwisha.

Siku mbili zilizofuata nilikuwa mtu wa kuchekesha. Jumatano nilikwenda soko la wanawake nikanunua halua, nikaiweka kwenye meza ya bibi bila kusema kitu. Nilimsogezea feni. Nilimbadilishia mto ambao haukuhitaji kubadilishwa. Nikajiona, nikajichukia, kwa sababu nilikuwa naijua sura ile niliyovaa. Niliivaa klabu, kwa wanaume waliokaa meza za mbele. Nilidhani niliiacha Dar.

Siku ya tatu nilipita kitandani pake na sinia la dawa. Akasema, kwa Kiswahili safi cha Pemba, sauti ya chini:

"Hebu funga pazia."

Nikaliweka sinia mezani. Nikafunga pazia. Nikasema la kwanza lililonijia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa."

"Bibi, umesikia yote?"

"Mguu ndio mbovu, mwanangu. Masikio mazima. Chake Chake nimezaliwa, nimeolewa, nimezaa. Hapa watu washasahau, na mie siwakumbushi."

Nilipiga magoti. Sikupanga, magoti yalikwenda yenyewe. Nikamshika ukingo wa shuka, nikamwambia, "Bibi, nisitiri. Nakuomba kwa Mungu. Sina kitu kingine duniani ila kazi hii. Wakinivua hii nimekwisha." Nililia kwa kujikaza, mkono mdomoni, maana upande wa pili wa pazia kulikuwa na mgonjwa mwingine anakunywa uji.

"Inuka," alisema. "Nyamaza. Mie nani hata nikufichue? La kucheza ni lako wewe na Mola wako. Lishapita."

Nikainuka. Nilihisi wepesi wa ghafla. Kumbe alikuwa hajamaliza.

"Nakuuliza jingine. Aliyemuuguza mamako nani?"

"Dada yangu."

"Muda gani?"

"Karibu miaka miwili."

"Kamgeuza, kamwosha, kamlisha. Kalala chini karibu yake."

"Ndiyo, bibi."

"Na hiyo ndiyo unayotaka kuichukua."

"Mwenyewe kanipa."

"Ee. Kila unachopewa wewe hupokea?"

Nikaanza kupanga vidonge kwenye sinia. Alisema alinikataa kwa hasira, akihofu nikimshika mguu atanitolea neno mbele za watu, na sasa hasira imepungua, nifungue bendeji nitazame kidonda. Nikatazama. Kilikuwa kinapona. Nikamwosha mguu kwa maji ya chumvi, polepole, nikaufunga upya.

Ningependa kuandika kwamba maneno yake yalinigeuza. Usiku wa siku ile nilikaa mezani nikajaribu. Kwenye karatasi ya pembeni niliandika "mchezaji wa klabu", nikalitazama neno hilo mpaka likawa si neno. Nikajaribu "mhudumu wa hoteli", lakini kazi inataka barua ya mwajiri, na mwajiri yule barua yake ingekuwa balaa. Nikafikiria kusema nilikuwa mgonjwa, lakini ugonjwa unataka cheti cha daktari. Uuguzi wa mzazi nyumbani ulitaka barua tu, yenye muhuri wa sheikh wa mtaa na mashahidi wawili. Ndiyo iliyokuwa njia pekee yenye mlango. Mihuri ya pasi yangu ya kusafiria ingeniumbua, kama kuna mtu angeitazama. Hakuna aliyeiomba.

Ijumaa niliendesha gari mpaka Sur. Saa mbili za barabara, nimefunga vioo, na njia nzima nasema peke yangu: nitamwambia dada tuache. Nilipofika alikuwa keshavaa abaya, amewapigia simu mashahidi, majirani wawili wa mlango kwa mlango. Ni watu hao hao ambao wake zao walimletea supu miaka ile, ambao walimsaidia kumtia mama garini kila siku ya kliniki. Wote walijua nani alikuwa pale. Nikafungua mdomo kusema tuache, ukatoka kitu kingine. Nikasema, "Usisahau kitambulisho."

Sikuingia ndani kwa sheikh. Nilikaa garini, mashine ya baridi inanipuliza usoni, natazama mlango. Walikaa muda wa kunywa kahawa na kula tende. Dada akatoka na karatasi ndani ya jalada la plastiki, akaikalia kwanza kwa bahati mbaya, akacheka.

"Kauliza nini?" nikamwuliza.

"Kauliza, binti huyu mnayemshuhudia ndiye aliyemuuguza mamaye? Majirani wakasema ndiye. Akanigeukia mie: na wewe mkubwa ulikuwa wapi?"

"Ukasema nini?"

"Nikasema nilikuwepo, lakini nilikuwa siwezi, nilikuwa mgonjwa." Alifunga mkanda wa kiti. "Akaniombea dua ya afya. Maskini, dua ndefu. Twende, nina kitu jikoni."

Barua ilikuwa mistari sita ya Kiarabu. Inasema mimi, binti wa fulani, nilikaa na mama yangu katika maradhi yake mpaka Mungu alipomchukua. Niliisoma mara nyingi. Kulikuwa na mahali ilipoandikwa kwamba sikumwacha mkono, na hapo ndipo nilipovunjika, kwa sababu ndilo jambo ambalo ningetoa chochote liwe kweli. Siku mama anakata roho mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa napaka poda mabegani. Simu ya dada niliiona ikiwaka na sikuipokea, kwa sababu zamu yangu ilikuwa imefika.

Niliituma. Fomu ikapita, leseni ikatoka, na baada ya Ramadhani nikakabidhiwa wodi. Msimamizi wa zamani alinivalisha ufunguo wa kabati la dawa mbele ya wenzangu, akasema ameona kwenye faili langu kwamba nilianza kuuguza nyumbani kwa mama, na ndiyo maana nina mkono mwema. Wenzangu walipiga makofi. Nilisimama pale natabasamu, na nadhani sijawahi kuwa uchi kama siku ile.

Bibi wa Jalan hurudi kliniki kila mwezi. Hunisubiri mimi, hataki mwingine. Ananipa mguu, naukagua, na kila mara ananiuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: "Dadako hajambo?" Namjibu hajambo. Anaridhika au hajaridhika, siwezi kujua, ile barakoa haisemi.

Mwezi uliopita dada alinipigia mchana, niko ofisini, nasaini orodha ya zamu. Sauti yake ilikuwa changamfu, sijaisikia hivyo tangu tulipokuwa wasichana.

"Nimepata tangazo," alisema. "Hapa Sur wanataka wanawake wa kuhudumia wazee wasiojiweza majumbani. Mshahara, bima, kila kitu. Hawataki shahada. Sharti lao moja tu, uwe umewahi kuuguza, na uwe na barua ya sheikh wa mtaa wako."

Niliiweka kalamu chini. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe upande wake.

"Nimekwenda kwake asubuhi," aliendelea. "Mzee ana kumbukumbu kama simu. Kaniambia, wewe si yule uliyekuwa mgonjwa? Aliyeuguza ni mdogo wako, mimi mwenyewe nimetia muhuri."

"Dada," nikasema.

"Sasa fomu ninayo hapa mbele yangu, wewe ndiye mwenye kujua mambo ya fomu. Miaka ile miwili mie niandike nini?" Akaanza kucheka, kicheko chake kile kile, hakina sumu hata tone. "Niandike nilikuwa Dar, nacheza?"

Alicheka peke yake kwa muda. Kisha nikasikia akigeuza karatasi, akingoja, kalamu mkononi, nimwambie la kuandika.