Maji Yaliyosimama Ndani ya Mlima

Viviane alizaliwa katika nyumba za kampuni ya mgodi, mtaa wa Shituru mjini Likasi, dirisha lao likitazama mlima uliotengenezwa na watu: mawe na udongo ambao mgodi uliuchimba, ukautupa na kuurundika mwaka baada ya mwaka, mpaka ukayapita mabati yote ya mtaa. Utotoni aliamini Mungu ndiye aliyeuweka pale. Baadaye alisoma jiolojia Lubumbashi, akarudi Likasi kuajiriwa, na kazi yake ikawa kuuliza kila siku swali lile lile: utasimama?

Alikuwa akiupanda akitafuta nyufa. Juu kulikuwa na mabomba membamba yaliyozamishwa tumboni mwa mlima. Aliteremsha humo kamba ya kupimia, akasikiliza hadi ilipolia kuashiria kwamba imegusa maji. Mwaka ule mvua zilinyesha bila huruma, na kila alipopima, kamba ililia mapema zaidi. Viviane alijua maana yake. Punje za udongo zikilaliana hushikana. Maji yakijipenyeza katikati na kusukuma, huachiana.

Chini kabisa, miguuni mwa mlima, Mama Emérance na majirani zake walilima mboga za lengalenga na matembele. Udongo wa pale haukukauka hata kiangazi.

"Mama, hapa si pazuri tena," Viviane alimwambia. "Mulima iko na mayi mingi ndani."

Mama Emérance alicheka huku akiendelea kupalilia. "Mutoto yangu, minye nalima hapa tangu weye hauyazaliwa. Huu mulima haiyaanguka hata siku moja. Na mayi gani? Kule juu ni mawe tu!"

Viviane hakubishana. Alimwita Zéphirin, mtu wa mashine ya kutoboa, naye akatoboa kando ya bustani hadi akapita tabaka la udongo mzito wa mfinyanzi. Kisha akafunga kwenye tundu mpira wa maji unaopenyeza mwanga, akaunyoosha juu kwa mti mrefu, akazima injini.

Maji yakaingia mpirani. Yakafika magotini, yakapita kifua, yakapita macho ya watu. Hakuna pampu iliyoyasukuma, hakuna mkono. Zéphirin akapanda ngazi, akauinua mpira zaidi, na maji yakamfuata. Hatimaye yakatulia juu sana, yakitetemeka.

Viviane alikuwa ameshapiga hesabu ofisini. Kimo kile alikijua. Lakini kukijua kwa hesabu ni kitu kimoja, na kukiinulia shingo ni kingine. Alivua kofia yake ya kazi bila kujitambua.

"Nani anaisukuma?" Mama Emérance aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mayi yenyewe, Mama. Ndani ya mulima inasimama juu hivi, inalemea hii ya chini. Inatafuta njia ya kutokea."

Mama Emérance akapiga ishara ya msalaba. "Yezu wangu. Kumbe minye nalima chini ya ziwa."

Siku hiyo hiyo wakaanza kung'oa mboga. Viviane aligombana na mkuu wake mpaka akinamama wakapewa shamba lingine, ng'ambo ya reli.

Zéphirin alianza kutoboa ubavu wa mlima ili maji yapate njia. Kazi ilikuwa haijaisha asubuhi ile Viviane alipokuta ufa mmoja kule juu umepanuka kiasi cha kumeza mguu. Aliwaondoa watu wote. Wakasimama kwenye reli, wakingoja.

Jioni mlima ukatembea. Haukuanguka kwa kishindo kama walivyotarajia. Pande zima la mteremko lilishuka polepole, vichaka vikiwa bado vimesimama juu yake, hadi likaketi juu ya bustani tupu. Mama Emérance alikuwa amemshika Viviane mkono, akiubana hadi ukauma.

Kazi ilipoendelea, maji yalibubujika kutoka kwenye matundu, mekundu kwanza, kisha meupe, wiki nyingi mfululizo. Ndani ya mabomba yakateremka, na mlima uliobaki ukasimama.

Viviane bado anaupanda. Wenzake humcheka kwamba akifika kule juu huanza kunong'ona, kama mtu aliyeingia kanisani misa imekwisha kuanza. Viviane hakanushi.