Fundi Saa Aliyewakosoa Wataalamu

Fundi alikuwa ametengeneza saa kwa miaka thelathini na moja, kwenye chumba chembamba kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la vioo. Kutokana na kazi hiyo aliamini kwamba wakati anaujua nje ndani. Wateja wake waliujua kwa namna nyingine, maana saa ya kuchukuliwa Jumatatu ilipatikana Ijumaa, tena ya wiki nyingine.

Siku aliposoma gazetini kwamba saa iliyo mwendoni huhesabu muda mchache kuliko iliyotulia, na kwamba ni wakati wenyewe unaonyumbuka, alicheka mpaka lenzi ikamdondoka jichoni. Akaandika kijitabu cha kurasa arobaini. Hoja yake ilikuwa moja: wakati haugusiki, ila saa ikitikiswa na kupigwa baridi, mafuta yake huganda ikachelewa. Wataalamu wa dunia nzima, aliandika, hawajawahi kufungua saa.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa mwalimu wa fizikia. Alimweleza kwa upole kwamba saa za atomi zilishapandishwa ndege, na ziliporudi zilitofautiana na zilizobaki chini kwa kiasi kilekile kilichopigiwa hesabu.

"Shemeji, atomi haina mafuta," alimwambia.

"Umeifungua ukaona?" fundi akauliza.

Basi mkewe aliposafiri kwa ndege kwenda kumwona binti yao aliyejifungua mtoto wa pili, fundi alimvalisha saa mkononi na kuiacha pacha yake dukani. Mkewe alirudi baada ya wiki tatu. Saa yake ilikuwa nyuma kwa dakika nne. Fundi hakumwuliza hata hali ya mtoto. Kesho yake alimburuta mkewe hadi shuleni kwa shemeji, wakati walimu wakinywa chai, akaweka saa zote mbili mezani. Kwa hesabu za wataalamu, alisema, tofauti isingeonekana hata kwa darubini, na hii hapa dakika nne nzima. Akamwita mkewe athibitishe kwamba saa haikutoka mkononi.

"Ilitoka," mkewe akasema. "Nilimpa yule mjukuu mkubwa aichezee, akaitumbukiza kwenye beseni la kuogea. Ikasimama. Nikaitikisatikisa, ikaendelea."

Walimu wakainamia vikombe vyao. Mmoja alipaliwa.

Fundi hakutetereka. "Si ndivyo ninavyosema siku zote? Saa imesumbuliwa. Wakati umetulia tuli."

Shemeji alifungua kinywa, akamtazama dada yake, akaamua kuongeza sukari.

Toleo la pili la kijitabu lilitoka na sura mpya iitwayo "Jaribio la Angani." Beseni halikutajwa. Mkewe ndiye aliyesahihisha tahajia, ukurasa baada ya ukurasa, na mumewe alipomwuliza ameonaje hoja zenyewe, alijibu kwamba herufi zimepangwa vizuri.