Harufu ya Nguo Zangu

Tangu Jumapili siwezi kumtazama mama machoni, naye macho yake bado hayafunguki vizuri.

Kazi yangu hapa Eldoret ni kumwaga oili chafu kwenye maji yaliyosimama, ili mbu wasizaliane. Ijumaa niliona shimo jipya karibu na mto Sosiani, limejaa maji, limechongwa ngazi. Nikasema ni la wafyatua matofali. Nikamwaga debe zima, nikaenda zangu nikipiga mluzi, mjinga mimi.

Mama alikuwa amekuja kutoka nyumbani kubatizwa, katika kanisa ambamo nilimwambia nasali kila wiki. Kusema kweli, sikuwahi kulikanyaga.

Jumapili asubuhi, kwenye ukungu mzito, tuliwafuata waumini hadi mtoni. Nilipoziona zile ngazi, nilijua shimo nililomwagia oili ni lao la kubatizia. Watu walisikia harufu wakanigeukia mimi, kwa sababu nguo zangu hunuka hivyo siku zote. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Niliona aibu, nikanyamaza.

Mama aliteremka wa kwanza. Mhubiri akamzamisha. Aliibuka akikohoa, amefumba macho, gauni lake jeupe limekuwa jeusi tititi.

Akanusa mkono wake. "Ni mwanangu amefanya hivi. Harufu hii naijua, jana nimefua nguo zake."

"Mwanao nani, Mama?" mhubiri akauliza.

"Si huyu Wafula wenu, anayesali hapa kila Jumapili?"

Mhubiri akawatazama waumini, kisha akamgeukia mama.

"Hapa hatuna Wafula."