Kidole cha Fundi wa Umeme

Konsolata wa nyumba ya pili alikuwa ameshamwambia Levina kwamba fundi wa umeme ataondolewa kwenye kazi ya nguzo, maana ofisi imeiacha programu ya zamani ya kupangia kazi, na hii mpya ya kwenye simu imemshinda. Siku ya tatu sasa programu hiyo inaonyesha hajafanya lolote. Levina alimtazama fundi huyo mzee akishuka ngazi taratibu, akihesabu vidato kwa midomo. Taa ya ndani ilikuwa imewaka. Kama kawaida yake alimsalimia kwanza mtoto aliye mgongoni kwa Levina, "Hujambo, bosi," ndipo akaitikia shikamoo ya mama. Kazi za leo alikuwa amezinakili kwa kalamu kiganjani, nyumba za Mlabani kabla ya za Namawala, vilevile kama enzi za programu ile ya zamani. Akatoa simu, akafuta kioo kwa shati, akabonyeza palipoandikwa "Imekamilika". Kimya. Akakipuliza kidole, chenye sugu ngumu kama gamba la kobe, akabonyeza tena. Kioo hakikukitambua. Levina akauma midomo asicheke. Mzee akatupia jicho mlango wa Konsolata, akasogea, akanong'ona, "Mama Beno, naomba uniazime kidole cha bosi."