Mtu wa Mkuki Kwenye Njia ya Shabaha

Siku ya kwanza niliporipoti kituo cha polisi Handeni, nilikabidhiwa simu, si bastola. Askari wanawake tulikuwa wachache miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa, na Mkuu wa Polisi wa Wilaya hakujua anifanyie nini. Aliniuliza nyumbani ni wapi. Nikamjibu, "Dindira, afande."

"Kwenye chai," akasema. "Basi mikono yako imezoea kazi ya taratibu. Kaa mapokezi."

Meza ya mapokezi ilikuwa karibu na dirisha lililotazama uwanja wa nyuma. Hapo ndipo nilipomwona Sajini Meja akifanya mazoezi. Alikuwa Mzigua wa Misima, mfupi, mwenye tumbo la kutosha, na akitembea ungedhani anatafuta kitu alichokidondosha. Alikuwa amepanga makopo juu ya ukuta wa udongo, mengine wazi, mengine nyuma ya mapipa. Akasimama ameyapa mgongo. Kisha akageuka, bastola ikatoka kwenye ala yake kiunoni, naye akatembea huku akifyatua, makopo yakianguka moja baada ya jingine kama yaliyokubaliana zamu. Kopo moja lililopakwa chokaa hakuligusa. Lilisimama katikati ya wenzake, zima.

Kasi yake ilinishangaza, lakini kilichonifanya nisahau simu iliyokuwa ikilia ni alichofanya baada ya risasi ya mwisho. Hakurudisha bastola mara moja. Alitazama kushoto, kulia, nyuma yake, na mwisho akatazama dirishani, akaniona.

"Binti, simu," akasema.

Nilimwomba anifundishe. Alicheka, lakini hakukataa. Niwaeleze vijana kwamba ule haukuwa ulengaji wa kusimama mahali pamoja na kupiga duara la karatasi. Ulikuwa ulengaji wa vitendo: unapita njia yenye milango, kona na mapipa, unakutana na mbao zilizochorwa watu, nawe unapaswa kuamua, kwa haraka, yupi ni adui na yupi ni raia. Mwamuzi ana saa ya kubonyeza. Ukimpiga raia, unapoteza alama nyingi kuliko ulizozipata. Ukimwacha adui, nazo zinakwenda.

Risasi zilikuwa adimu. Sajini Meja alikuwa akituambia risasi ni mali ya wananchi, haitumiki kujifurahisha. Kwa hiyo tulifanya mazoezi na bastola tupu. Alinifundisha kuishika kwa mikono miwili, ule wa kushoto ukikaza zaidi. Alinifundisha kutazama kile kichuma kidogo kilichosimama mwishoni mwa mtutu, nikiiacha shabaha ionekane kwa ukungu, kwa sababu jicho haliwezi kuona vizuri karibu na mbali kwa pamoja. Alinifundisha kuvuta kifyatulio polepole, kwa ncha ya kidole, bila mkono wote kujua. Baada ya miezi kadhaa mkono wangu ulikuwa umetulia, nami nikaanza kujiona.

Akaliona hilo pia. Siku ya mnada wa ng'ombe akanipeleka mnadani, mimi na yeye, bila sare. Tulizunguka, tukanywa chai, tukaondoka.

"Umeona watu wenye silaha?" akaniuliza njiani.

"Wengi, afande. Wafugaji wote wana mikuki na sime."

"Na mwenye nia mbaya?"

"Sijui."

"Basi umeona chuma. Watu hujawaona. Rudi."

Nikarudi. Mnada baada ya mnada nilirudi. Mimi mtu wa milimani, kwetu mkuki ulikuwa kitu cha kuhadithiwa. Hapa nilianza kuona kwamba una lugha yake. Mfugaji aliyepumzika huchomeka kitako cha mkuki ardhini, huuegemea, na uzito wake hukaa kwenye mguu mmoja. Ule mwingine huukunja, wayo ukigusa goti. Hawezi kukurukia akiwa hivyo, na wala hana wazo hilo. Mwenye hasira hushika mkuki katikati, miguu yote miwili chini, kisigino cha nyuma kimeinuka kidogo. Bega husema kabla ya mkono. Sikuamini kwamba nilikuwa nimeishi miaka yote ile na macho mawili bila kuyatumia.

Ndipo yakatangazwa mashindano ya wilaya zote za mkoa, yafanyike Korogwe. Sajini Meja akanitaja kwenye timu. Mkuu wa Polisi wa Wilaya akamwita, na mimi nikaitwa nyuma yake.

"Sajini Meja, unataka tuchekwe Korogwe?"

"Hapana, afande. Nataka tushinde."

Mkuu akanigeukia. "Sikiliza. Ukishinda nafasi ya kuuwakilisha mkoa, utahamia kikosi cha shabaha moja kwa moja. Ukishindwa, unarudi mapokezi na sitaki kusikia tena habari hii. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, afande."

Njia ya shabaha ya Korogwe ilijengwa chini ya tuta la udongo, pembeni ya mashamba ya mkonge. Waliijenga kama kijiji: fremu za miti zilizowambwa magunia, milango, vichochoro. Mbao zilichorwa na fundi wa mjini anayechora mabango ya maduka ya Wahindi, na alikuwa hodari kupita kiasi. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, nikaona hadi mshono wa kanga yake. Kulikuwa na jambazi wa bunduki mwenye jicho lililonifuata kila nilipokwenda.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa miongoni mwa wa mwisho, na mwamuzi, Inspekta kutoka mkoani, alikuwa ametangaza alama za wote walionitangulia. Nilijua ninachohitaji. Saa ikabonyezwa. Nikaingia mlango wa kwanza, nikampiga wa bunduki, nikamwacha mama, nikawapiga wawili wa dirishani, nikabadilisha risasi nikitembea. Kila kitu kilikuja polepole na wazi, kama maji ya mtoni yanavyoonyesha mawe yake. Sijawahi kulenga vizuri vile, kabla wala baada. Nikapinda kona ya mwisho.

Alikuwa amesimama pale mtu wa mkuki. Shuka nyekundu, sime kiunoni. Kichuma cha mbele cha bastola yangu kilikuwa tayari kifuani pake. Nikatazama miguu. Alisimama kwa mmoja; wa pili ulikunjwa gotini. Kitako cha mkuki kilikuwa ardhini.

Nikashusha bastola. Nikatazama kushoto, kulia, nyuma. Nikairudisha kwenye ala.

"Njia imekwisha, afande," nikasema.

Vikazuka vicheko. Konstebo mmoja wa Korogwe akapaza sauti, "Dada, umemwogopa? Hiyo mbao tu."

"Nimemwamkia," nikamjibu. "Wewe hukumwamkia?"

Inspekta hakucheka. Alisema yule ni adui, maelekezo yake kwa fundi yalikuwa mtu mwenye silaha, na wote waliotangulia walimpiga. Sajini Meja akaomba ruhusa kusema. Akaeleza habari ya mguu na mkuki, kwa adabu, kama anayemweleza mgeni njia. Inspekta akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaagiza fundi aitwe.

"Ulichora nani hapa?"

"Afande," fundi akasema, "niliambiwa mtu mwenye silaha. Bunduki nilishachora, nikaona nisirudie. Nikamchora mzee anayeniletea maziwa. Ndiye mwenye mkuki ninayemjua."

"Ni adui?"

"Adui? Mimi ndiye mwenye deni kwake, maana namlipa kwa kuchelewa."

Hata Inspekta alitabasamu. Lakini akasema sheria za mashindano haziwezi kubadilishwa baada ya watu kupita. Ama wote warudie, na risasi hazipo, ama alama zibaki. Zikabaki. Nikaikosa nafasi. Sikuona la kumlaumu. Ningekuwa mimi ningeamua vivyo hivyo.

Wakati mbao zinapakiwa, fundi alirudi na yule mzee mwenyewe. Mzee alikuwa amesikia kwamba amechorwa, akataka kujiona. Alikuja na kibuyu chake na mkuki wake, akasimama mbele ya ile mbao kwa muda mrefu. Kifua chote kilikuwa matundu. Akaingiza kidole kwenye moja, akakitoa, kisha akakigusisha kifuani pake, mahali pale pale.

"Wote walinipiga?" akauliza.

Sajini Meja akanionyesha kwa kidevu. "Huyu hakukupiga."

Nilimwendea nikasema, "Shikamoo, mzee," na kwa kuwa nilijua desturi ya wafugaji, nikainamisha kichwa. Akaniwekea kiganja utosini. Kilikuwa kizito na chenye joto, kikakaa pale kitambo. Nilipoinua macho, Inspekta alikuwa amevua kofia yake. Mkuu wangu, aliyekuja kuitazama timu yake, pia. Sidhani kama walijua kwamba wamezivua.

Jumatatu Mkuu wa Polisi wa Wilaya aliniita.

"Nilisema ukishindwa unarudi mapokezi."

"Ndiyo, afande."

"Umeshindwa. Rudi mapokezi." Akapekua vitu mezani, akatafuta la kutazama. "Jioni, ukimaliza, uwafundishe askari wenzako kutazama watu. Kulenga Sajini Meja atawafundisha."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kufundisha, na kazi hiyo sikuiacha tena. Nilihamishiwa Korogwe, nikaenda Tanga, nikarudishwa Handeni. Sajini Meja alistaafu, akanikabidhi uwanja. Nilifundisha vijana waliokuja kuwa wakuu wangu, na kila kundi nililipeleka mnadani kabla ya kulipa risasi.

Sasa nimestaafu, na wajukuu huniuliza swali ambalo kila kijana huuliza: bibi, miaka yote hiyo na bastola, ulimpiga nani? Huwaambia sikumpiga mtu. Wanakata tamaa, wanaenda kucheza. Mara kadhaa kazini nilishika bastola mbele ya mtu wa kweli, gizani au kwenye vurugu, kidole kikiwa tayari. Kila mara nilitazama kwanza, na kila mara palikuwa na njia nyingine. Wapo watu Handeni na Korogwe hivi leo wanaopalilia mahindi, wanaogombana na wake zao, wanaolala mchana wakikoroma, wasiojua kabisa kwamba siku moja nilisimama mbele yao nikiwatazama miguu.